Ajali ya Mlimani Wakati wa Baridi na Kazi ya Walio Karibu

Ajali ya mlimani wakati wa baridi humwachia mtu majeraha mawili. La kwanza huonekana: mguu uliovunjika, kichwa kilichogonga jabali, bega lililoteguka. La pili halionekani, nalo huanza dakika ileile majeruhi anapoacha kutembea, kwa maana mwili hupoteza joto upesi kuliko unavyoweza kulitengeneza. Mtu anayepanda theluji akiwa na mzigo mgongoni hutoa joto jingi. Akilala chini, joto hilo hupungua, jasho lililolowesha shati hupoa, na theluji iliyo chini yake huendelea kumnyonya joto hata kama amefunikwa vizuri kwa juu. Ndiyo maana huduma ya kwanza mlimani haiwezi kufuata tu mafunzo ya mjini, ambako gari la wagonjwa hufika baada ya dakika chache. Huko juu, wenzake majeruhi ndio wauguzi na wabebaji wake kwa saa nyingi, na pengine kwa siku kadhaa.

Hayo huonekana kuwa mbali na maisha ya Texas, kwa kuwa Dallas, Fort Worth na Houston ni miji ya tambarare. Dallas iko karibu mita 130 juu ya usawa wa bahari, na Houston, iliyo jirani na Ghuba ya Mexico, ni takriban mita 15 tu. Mlima mrefu kuliko yote ya Texas, Guadalupe Peak wenye mita 2,667, uko mbali magharibi, karibu na mpaka wa New Mexico. Hata hivyo habari za uokoaji mlimani zina mizizi mirefu katika miji hii. Dick Bass, mfanyabiashara wa Dallas, ndiye mtu wa kwanza kufika kwenye kilele kirefu cha kila bara, Kilimanjaro ikiwemo, na alihitimisha safari hizo juu ya Everest tarehe 30 Aprili 1985. Dkt. Beck Weathers, mtaalamu wa patholojia wa Dallas, alipatwa mwaka 1996 na mkasa ambao hadi leo hufundisha mengi kuhusu baridi na mwili wa binadamu. Na katika mji mdogo wa Montgomery, kaskazini mwa Houston, kuna kituo kinachopokea saa 24 miito ya dharura ya setilaiti kutoka pande zote za dunia.

Kituo hicho zamani kilikuwa cha kampuni ya GEOS, na tangu mwaka 2021 kiko chini ya Garmin. Mpandaji aliyekwama mlimani huko Colorado, au kwenye kambi ya Barafu huko Kilimanjaro, akibonyeza kitufe cha SOS kwenye kifaa chake cha Garmin, ujumbe wake husomwa Texas. Mpokeaji humjibu kwa maandishi, hutafuta ni mamlaka gani inayohusika na eneo lile, kisha huipigia simu. Mamlaka hizo hutofautiana. Colorado jukumu la uokoaji ni la sherifu wa kaunti, na kazi yenyewe hufanywa zaidi na vikosi vya kujitolea visivyomtoza majeruhi ada. New Mexico ni polisi wa jimbo. Tanzania ni hifadhi ya taifa yenyewe, ambayo kila mpandaji wa Kilimanjaro huilipa ada ya uokoaji kabla ya kuingia getini. Mkazi wa Houston au Dallas anayekwenda milimani wakati wa baridi anapaswa kuyajua haya kabla ya safari, pamoja na jambo moja ambalo watu wengi hawalitaki kulisikia: kitufe hicho huita msaada, hakiufupishi umbali. Baadhi ya simu za iPhone nazo zimekuwa na uwezo wa kutuma dharura kwa setilaiti tangu Novemba 2022, lakini betri hudhoofika upesi kwenye baridi kali, hivyo simu hukaa mfuko wa ndani, karibu na mwili, tangu mwanzo wa safari.

Ujumbe mzuri wa dharura ni mfupi. Hutaja mahali, idadi ya majeruhi, walichoumia, kama wanazungumza na wanapumua vizuri, hali ya hewa, vifaa walivyo navyo, na kama kundi linaweza kusogea. Maneno "tafadhali njooni haraka" hayamsaidii mwokoaji kuamua abebe nini.

Kabla ya ujumbe kutumwa, dakika za mwanzo kabisa huenda kwenye usalama wa mahali penyewe. Mwenzake majeruhi akikimbilia chini ya ukingo wa theluji unaoning'inia, au kwenye mteremko ulioporomoka ambao upande wake mmoja bado haujaanguka, ajali ya mtu mmoja huwa ya watu watatu. Kanuni hii ilionekana wazi Fort Worth alfajiri ya tarehe 11 Februari 2021, kwenye barabara kuu ya I-35W, pale mvua ya baridi ilipogandia lami na magari 133 yakagongana. Watu 6 walifariki. Waokoaji waliofika walikuta barafu ileile iliyosababisha ajali ikiwaangusha wao wenyewe, na ilibidi wamwage mchanga na chumvi ili wapate pa kukanyaga. Mlimani hakuna lori la mchanga. Kuna viatu vya meno ya chuma, shoka la barafu na kamba, na mtu hamwendei majeruhi mpaka yeye mwenyewe amejishikiza.

Maporomoko ya theluji ndiyo yanayobadilisha hesabu hii, kwa kuwa muda ni mfupi mno. Aliyefukiwa ana matumaini makubwa akitolewa ndani ya dakika 10 hadi 15. Baada ya nusu saa matumaini hayo yameporomoka, kwa sababu wengi hufa kwa kukosa hewa kabla baridi haijawafikia. Hakuna helikopta inayowahi muda huo. Anayewahi ni mwenzake mwenye kifaa cha kunasa mawimbi, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na sepetu, aliyefanya mazoezi ya kuvitumia. Kundi linaloingia Colorado mwezi Januari bila vitu hivi vitatu mkononi mwa kila mmoja wao limekwisha kuamua, bila kusema, kwamba atakayefukiwa hataokolewa.

Baada ya usalama huja damu na pumzi, kama kwenye huduma yoyote ya kwanza. Damu inayoruka hukandamizwa mara moja. Njia ya hewa hufunguliwa. Hapa ndipo baridi inapojiingiza mapema kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu damu iliyopoa huganda kwa shida. Majeruhi mwenye jeraha kubwa ambaye joto lake linashuka huendelea kuvuja damu hata pale bandeji ingetosha kuizuia, na kadiri anavyopoteza damu ndivyo uwezo wake wa kutengeneza joto unavyopungua. Kumfunika majeruhi basi ni sehemu ya kuzuia damu. Wakufunzi wanaoliacha blanketi mpaka mwisho wa orodha, kana kwamba ni kumfariji tu, wanafundisha vibaya.

Kumfunika kwenyewe kuna ufundi. Kitu cha kwanza ni chini yake: godoro la povu, mikoba iliyomwagwa vitu, kamba zilizokunjwa, chochote kitakachomtenganisha na theluji. Nguo zilizolowa huvuliwa kama kuna hema au kibanda. Kama upepo unavuma na hakuna pa kujificha, huachwa, na mwili wote huzungushiwa karatasi ya plastiki isiyopitisha unyevu, kisha mfuko wa kulalia, kisha turubai la nje la kukinga upepo. Chupa za maji ya moto au vifuko vya kemikali vinavyotoa joto huwekwa kifuani, kwapani na mgongoni juu ya nguo, visiguse ngozi, kwa sababu ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Kichwa na shingo hufunikwa, uso ukaachwa wazi ili hali yake ionekane.

Kutetemeka ni dalili njema, na inafaa kusemwa hivyo waziwazi, kwa kuwa mwenzake majeruhi mara nyingi huogopa mtetemeko na kufurahi unapokoma. Joto la ndani la mwili likiwa kati ya nyuzi 35 na 32 za Selsiasi, mtu hutetemeka kwa nguvu na bado anajibu vizuri. Huyu apewe sukari na kinywaji cha moto chenye utamu, akae au alale akijipasha kwa mtetemeko wake mwenyewe kwa angalau nusu saa, ndipo asimame. Akishuka chini ya nyuzi 32 mtetemeko hufifia, maneno huwa mazito, mikono haimtii, na akili humdanganya; wengine huvua nguo katikati ya dhoruba wakidai wanaunguzwa na joto. Chini ya nyuzi 28 kwa kawaida amepoteza fahamu, na moyo umekuwa mwepesi wa kuvurugika kiasi kwamba kumnyanyua kwa pupa, kumsimamisha au kumburuta kwa mishtuko kunaweza kuufanya upapatike na kusimama. Mtu wa hali hii hulazwa chali na kubebwa akiwa amelala, kwa upole wa makusudi. Hakuna kumsugua mikono na miguu. Hakuna pombe, ambayo hufungua mishipa ya ngozi na kumwaga nje joto kidogo lililobaki. Hakuna kumnywesha chochote kama hawezi kushika kikombe mwenyewe.

Kisa cha Beck Weathers kinaeleweka vizuri zaidi mtu akizikumbuka hatua hizo. Mwezi Mei 1996 alikuwa kwenye msafara wa Rob Hall wa New Zealand upande wa Nepal. Macho yake yalikuwa yamefanyiwa upasuaji wa kurekebisha uoni, na huko juu, katika hewa nyepesi, umbo la konea ya jicho lilibadilika akawa haoni vizuri. Asubuhi ya tarehe 10, kwenye mita 8,400 hivi, Hall alimwambia asubiri pale mpaka yeye arudi kutoka kileleni. Weathers aliahidi. Alikaa karibu siku nzima bila kutembea, na baadhi ya walioshuka walipomwalika wateremke naye alikataa kwa sababu ya ahadi ile. Hall hakurudi, alifia juu. Hili ni kosa la mpango, si la ushujaa: makubaliano yaliyofungwa kwa mtu mmoja, bila saa ya mwisho wala mbadala, humgandisha mtu mahali alipo.

Jioni kiongozi mwingine, Mike Groom, alimshusha kwa kamba fupi. Dhoruba iliwakuta karibu na kambi ya South Col, kwenye mita 7,900 hivi, na kundi likapotea gizani likiwa mwendo mfupi tu kutoka kwenye mahema. Weathers alikuwa amevua glovu kuupasha mkono joto, na mkono ukaganda. Usiku Anatoli Boukreev alitoka peke yake akawarudisha watatu. Weathers na Yasuko Namba wa Japani walibaki kwenye barafu. Asubuhi ya tarehe 11 Dkt. Stuart Hutchison, daktari wa Kanada aliyekuwa katika msafara huohuo, alikwenda na Masherpa akawakuta wote wawili wamefunikwa na barafu, wanapumua kwa shida, hawajibu. Waliamua kuwaacha, ili nguvu iliyobaki iwafae wale wenye uwezekano wa kupona.

Uamuzi huo ulifanywa na watu waliochoka kupita kiasi, wenye oksijeni haba, mahali ambapo kumbeba mtu mmoja kungehitaji watu wengi wenye afya ambao hawakuwapo. Hakuna haki ya kumlaumu aliyeufanya. Lakini ukiwa utabiri, ulikosea, kwani alasiri ileile Weathers alifumbua macho, akasimama, akatembea mwenyewe mpaka kambini. Alilazwa kwenye hema akiwa na mifuko ya kulalia na chupa za maji ya moto, na usiku uliofuata upepo ulivuma tena akiwa peke yake humo, hawezi kujifunika wala kunywa kwa mikono iliyoganda. Asubuhi walimkuta hai kwa mara ya pili bila kumtarajia. Makosa yote mawili yanafanana: waliomtazama walimwona mtu aliyekwisha kufa, wakapanga mambo yao kulingana na walivyomwona. Yasuko Namba, aliyekuwa na umri wa miaka 47, hakuamka. Katika siku hizo mbili Everest iliua watu 8 kwa pande zake zote.

Sehemu iliyobaki ya uokoaji ilipitia Dallas. Peach Weathers, mkewe, akishirikiana na marafiki, alipiga simu kwa wanasiasa na kwa serikali, mpaka ubalozi wa Marekani mjini Kathmandu ukatafuta rubani aliye tayari. Luteni Kanali Madan Khatri Chhetri wa jeshi la Nepal aliirusha helikopta hadi kwenye mita 6,000 hivi, juu ya maporomoko ya barafu ya Khumbu, kimo ambacho mashine ile haikukusudiwa kufanyia kazi. Alimchukua kwanza Makalu Gau wa Taiwan, ambaye hakuweza kutembea, kisha akarudi kumchukua Weathers. Daktari huyo alipoteza mkono wa kulia chini ya kiwiko, vidole vyote vya mkono wa kushoto, sehemu za miguu, na pua, ambayo madaktari waliijenga upya.

Kanuni ambayo tiba ya baridi inaishikilia kuliko zote ni kwamba mtu hatangazwi kuwa amekufa mpaka awe amepashwa joto na bado hana uhai. Kanuni hii ina msingi katika mwili wenyewe. Kila nyuzi moja joto linaposhuka, mahitaji ya oksijeni hupungua kwa karibu asilimia 6, na kwenye nyuzi 28 ubongo unahitaji takriban nusu ya kawaida. Mapigo huwa machache na hafifu mno kiasi cha kutosikika kwa vidole vilivyokufa ganzi. Kwa hiyo anayepima hupima kwa dakika nzima, pumzi na mapigo pamoja, kabla ya kusema hayapo. Mwaka 1999 Anna Bågenholm, daktari wa Sweden, alikwama chini ya barafu karibu na Narvik huko Norway kwa dakika 80. Joto lake la ndani lilikuwa nyuzi 13.7 alipofika hospitali ya Tromsø. Alipashwa joto kwa mashine ya moyo na mapafu, akapona na kurudi kazini.

Kama kweli moyo umesimama, kifua hukandamizwa, na huendelea kukandamizwa. Mlimani kuna ugumu wa kukandamiza na kubeba kwa wakati mmoja, na kwa majeruhi aliyepoa chini ya nyuzi 28 miongozo ya tiba inaruhusu kupokezana: dakika 5 za kukandamiza, kisha mwendo usiozidi dakika 5, kisha kukandamiza tena. Kwa mtu mwenye joto la kawaida ruhusa hiyo haipo. Iko pia mipaka ya matumaini, na inafaa ijulikane ili watu wasife kwa kumng'ang'ania maiti: kifua kilichoganda kikawa kigumu kabisa, jeraha lisiloendana na uhai, au aliyefukiwa zaidi ya saa moja akakutwa njia yake ya hewa imezibwa na theluji na moyo umesimama. Nje ya mipaka hiyo, majeruhi hupelekwa kwenye hospitali yenye mashine ya moyo na mapafu, hata kama iliyo karibu zaidi ni nyingine.

Viungo vilivyoganda vina utaratibu wake, na kosa la kawaida ni huruma ya haraka. Mguu ulioganda unaweza kutembelewa. Mguu ulioyeyushwa hauwezi, kwa sababu huvimba, huuma vibaya na kiatu hakiingii tena. Ukiyeyushwa kisha ukaganda upya, uharibifu huwa mkubwa kuliko kama ungeachwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama majeruhi anaweza kukaa kwenye joto mpaka mwisho wa safari. Kama hawezi, kiungo huachwa kimefunikwa na kukauka, na watu wanashuka. Kama anaweza, huchovywa kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, yanayopimwa au kuguswa kwa kiwiko cha mtu mzima wa afya, kwa karibu nusu saa, mpaka ngozi ilainike na rangi irudi. Dawa ya maumivu hutolewa mapema. Moto wa kuni, jiko la gesi na kusugua kwa theluji, ushauri ambao bado husikika, huunguza au kuchubua nyama isiyo na hisia. Hospitalini kuna nafasi mpya ambazo Weathers hakuzipata: dawa za kuyeyusha damu iliyoganda mishipani zikitolewa ndani ya saa 24 baada ya kiungo kuyeyuka, na iloprosti, iliyoidhinishwa Marekani Februari 2024 kwa ajili ya kupunguza ukataji wa vidole. Nafasi hizo zimeipa saa ya kuyeyuka umuhimu wa pekee. Mwenzake majeruhi aiandike.

Swali la kubaki au kwenda huja mapema katika kila ajali, na Afrika Mashariki ina kisa chake. Tarehe 5 Septemba 1970 madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na kilele cha Batian, mita 5,199, katika Mlima Kenya. Jiwe liling'oka, Judmaier akaanguka, na mfupa wa mguu ukatokeza nje ya ngozi. Oelz alifunga jeraha, akamlaza kwenye ukingo mwembamba wa mwamba, akampa alichokuwa nacho, kisha akashuka peke yake kutafuta watu. Kumwacha majeruhi peke yake ni jambo linaloumiza, lakini wakiwa wawili, bila redio, hakukuwa na njia nyingine. Watu wa Mountain Club of Kenya walipanda na kurudi tena na tena katika hali mbaya ya hewa. Rubani Mmarekani Jim Hastings aliuawa helikopta yake ilipoanguka akisaidia uokoaji. Mwishowe waokoaji wenye ujuzi wa miamba walisafirishwa kutoka Innsbruck, na Judmaier alishushwa hai baada ya takriban wiki moja, mguu wake ukapona.

Mlima ulio kwenye ikweta hauna majira ya baridi kwa maana ya kalenda, lakini kila usiku huko juu ni wa baridi kali, na upande ulio mbali na jua hubeba barafu kwa miezi. Oelz mwenyewe aliendelea kuwa bingwa wa tiba ya milimani. Alifika kilele cha Everest mwaka 1978, na mwaka 1989 yeye na wenzake walionyesha kwamba nifedipini, dawa ya shinikizo la damu, huwasaidia wagonjwa wa maji kujaa mapafuni kwa sababu ya kimo. Dawa hiyo sasa imo kwenye mikoba ya viongozi wengi wa Kilimanjaro.

Kwa mpandaji anayetoka Texas, ugonjwa wa kimo ni ajali inayowezekana kuliko kuvunjika mguu, na baridi huuficha. Uhuru, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, ina karibu nusu tu ya oksijeni inayopatikana pwani. Mtu anayeyumba kwenye theluji, anayejibu polepole na kutaka kulala, anaweza kuwa amepoa, anaweza kuwa ubongo wake unavimba, na anaweza kuwa na vyote viwili. Jibu linalofaa hali zote ni moja: apewe joto na ashushwe, usiku huohuo, bila kungoja macheo. Dawa ya deksamethasoni, oksijeni na mfuko wa shinikizo hununua muda wa kushuka. Havichukui nafasi ya kushuka. Kilimanjaro kazi hiyo mara nyingi hufanywa kwa machela ya gurudumu moja, inayosukumwa na kushikiliwa na watu sita au zaidi kwenye njia ya mawe, na wanaoisukuma ni wagumu, wapagazi wenyewe. Kila mpango wa uokoaji unaomhesabu mgumu kama mbebaji tu una kasoro, kwa maana yeye naye hupata ajali, mara nyingi akiwa na koti jepesi na viatu vilivyochakaa kuliko vya mgeni anayemhudumia. Mfuko wa kulalia, glovu na kipimo cha oksijeni ni haki yake kama ilivyo ya aliyelipa.

Februari 2021 baridi yenyewe iliwashukia watu wa tambarare. Tarehe 16 kipimajoto cha Dallas–Fort Worth kilifika nyuzi 19 chini ya sifuri, baridi ambayo haikuwa imeonekana hapo tangu mwaka 1949, na Houston ikafika karibu 11 chini ya sifuri. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme. Idara ya afya ya Texas ilihesabu vifo 246, na karibu theluthi mbili vilitokana na baridi kali, vingi vya watu waliokuwa ndani ya nyumba zao. Hatua zile za mlimani zilitumika vilevile sebuleni: mzee aliyeacha kutetemeka na kuanza kuongea ovyo alikuwa katika hatari kuliko yule anayelalamika. Wakazi wanaozungumza Kiswahili wa miji hiyo, Wakenya, Watanzania na familia nyingi za Kikongo zilizopokewa kama wakimbizi, wengi wao hawakuwa na sababu ya kuyajua hayo.

Hatari ya pili pia ni ya mlimani. Jiko linalowashwa ndani ya hema lililofungwa kwa ajili ya theluji hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi. Houston mamia ya watu waliugua kwa gesi hiyo baada ya kuwasha makaa, jenereta au magari ndani ya nyumba na gereji, na baadhi ya familia zilizoathirika zilikuwa za wahamiaji kutoka Afrika Mashariki. Dalili zake, maumivu ya kichwa, kichefuchefu, usingizi mzito, hufanana na uchovu wa baridi na ugonjwa wa kimo. Ishara inayotofautisha ni kwamba wote walio ndani huumwa pamoja. Wote hutolewa nje kwanza, hata kama nje kuna baridi, kisha hufunikwa na kupewa oksijeni. Katika hewa ya kawaida gesi hiyo hupungua damuni kwa nusu baada ya saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni safi muda huo hushuka hadi saa moja na ushei. Anayepiga 911 akiwa Texas anaweza kutaja neno "Swahili" mwanzoni kabisa, baada ya anwani, ili mpokeaji amtafutie mkalimani kwenye simu.

Ajali haimaliziki hospitalini. Majeruhi wa baridi hufuatiliwa kwa miezi: vidole hukatwa pale tu mpaka wa nyama hai na iliyokufa umejionyesha wazi, jambo linaloweza kuchukua wiki nyingi, na mwenye haraka ya kukata hupoteza vidole ambavyo vingepona. Waliomwokoa nao huhitaji kusikilizwa, hasa pale mtu alipokufa mikononi mwao au alipoachwa nyuma. Kisha huja ripoti. American Alpine Club imekuwa ikichapisha kila mwaka, tangu 1948, mkusanyiko wa ajali za milimani, pamoja na maelezo ya nini kilitangulia kila moja. Ripoti inayofaa hutaja saa za kuanza na za kugeuka, hali ya hewa iliyotabiriwa na iliyokuja, nani alikuwa na kifaa gani, ujumbe wa dharura ulitumwa lini na ulijibiwa lini, majeruhi alifunikwa saa ngapi, joto lake lilipimwa wapi na kwa kipimo gani, na ni maamuzi yapi yalifanywa bila taarifa ya kutosha. Huandikwa na kila mmoja peke yake ndani ya siku chache za mwanzo, kabla masimulizi ya waliokuwapo hayajaanza kufanana.